Kioo cha Mwisho cha Kitopeni

Siwema amezikwa Ijumaa, baada ya swala, hapa hapa Kibiti, na tangu walipomfukia mie nimekuwa mtu wa mwisho. Waliokuja kunipa pole wanadhani namlilia shoga yangu tu, na kweli namlilia, tumejuana tangu tuko wasichana wa kupokezana mchi kwenye kinu kimoja. Lakini kuna jambo la pili ambalo wao hawalijui. Siku moja, enzi za Mwingereza, wanawake wa kisiwa cha Kitopeni walisimama pamoja mbele ya sanduku la picha, na wote waliosimama siku ile sasa wako mbele ya haki isipokuwa mimi. Picha yenyewe ninayo. Iko ndani ya sanduku langu la nguo, chini ya sanda niliyojinunulia, imefungwa kitambaa cha kaniki. Hajapata kuiona mwanamume yeyote. Tuliapa hivyo, na tukaweka sharti kwamba atakayebaki mwisho ndiye mwenye amri nayo: akitaka kuizika ataizika, akitaka kuitoa ataitoa. Siwema alikuwa akinitania kwa jambo hilo kila Idi. Nikibaki mie, akisema, naitoa kesho yake. Ukibaki wewe utaizika, maana una moyo wa panya. Sasa yeye ametangulia na mwenye moyo wa panya ndiye aliyebaki.

Nisingeharakisha kuifikiria picha hiyo kama si mjukuu wake, Rehema. Huyu ni mwalimu, msichana mwenye adabu zake, ila kimya hakijui. Kwa muda mrefu sasa amekuwa akizunguka kwenye delta yetu, Mbuchi, Nyamisati na kwingineko, akitafuta picha kuukuu na maneno ya wazee waliotoka kwenye visiwa vilivyochukuliwa na maji. Anazipiga tena picha hizo kwa simu, na wazee anawarekodi sauti. Basi juzi matangani, tumekaa ndani wanawake watupu, akanisogelea na kunionyesha kwenye simu yake picha aliyoipata Nyamisati kwa watu. Nikaitambua pale pale. Msikiti wa Kitopeni, na mbele yake wanaume wetu wamekaa na kanzu zao, Jumbe, mkuu wa mji wetu, katikati na bakora yake. Pembe moja imeliwa na mchwa. Nikawataja mmoja mmoja naye akawa anaandika, kisha akaniuliza kwa upole, "Bibi, nimezunguka kote. Wanaume wa Kitopeni nimewapata. Wanawake simpati hata mmoja. Mlikuwepo kweli?" Alikuwa anatania, lakini swali lile lilinichoma. Nikamwambia nimechoka, tutazungumza kesho. Nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani nikilitazama lile sanduku, na mwaka wote ule ukanirudia.

Mwaka ule nilikuwa mwali. Siku hizi mtoto akivunja ungo huenda shule kama kawaida, na hilo ni jema, silipingi. Sisi tulitiwa ndani. Mwali haoni jua wala haonekani na wanaume, hasemi kwa sauti, anafundwa na somo wake mpaka siku ya kutolewa, na ya kwangu ilipangwa iwe baada ya mpunga kuvunwa. Nilitiwa ndani kwa Shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa mjane pale Kitopeni. Watu wakimwita Binti Shamte. Chumba changu kilikuwa cha ndani kabisa, kuta za udongo juu ya fito za mikandaa, kitanda cha kamba, mkeka, na mtungi wa maji kwenye pembe. Kilinukia liwa niliyokuwa nikisingwa, na kilinukia mpunga, kwa kuwa ghala lilipakana nacho. Karibu na nguzo ya mlango palikuwa na ufa, na kupitia ufa huo niliona kipande cha uwanja: kinu, mbuzi ya kukunia nazi, na kuku waliokuwa wakizunguka hapo. Ukuta wa pili ulielekea barazani. Pale sikuona kitu, lakini nilisikia kila neno, maana kahawa ya Shangazi ilikuwa na sifa kisiwa kizima na wanaume walikuwa wakija kuinywa kila alasiri.

Chakula nilikuwa nikiletewa na Siwema. Yeye alikwisha kutolewa mwaka uliopita, kwa hiyo alikuwa anajiona mtu mzima. Alikuwa akiinua mkeka wa mlangoni na kuingia na sinia la wali wa nazi na kamba wabichi, au mchuzi wa ng'onda, na siku za kaa nilikuwa nakuta magando yote yamekwisha kunyonywa njiani. Nikimtazama alikuwa akisema mwali hafai kula magando, yanamfanya mgomvi. Kisha alikuwa akikaa na kunipa habari za nje kwa kunong'ona: nani kaposwa, nani kapigwa na nguruwe kule kwenye dungu akilinda mpunga, na kisiwa kimeliwa mpaka wapi. Habari hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kila siku. Mto ulikuwa umegeuza njia yake, na upande wa mashariki ulikuwa unakula Kitopeni vipande vipande. Hata mle chumbani nilikuwa nikisikia bonge la udongo linadondoka majini, puu, kisha kimya. Minazi ndiyo iliyotangulia, zikafuata nyumba za upande ule, na masika ya mwaka ule yakachukua makaburi.

Ni kupitia ukuta wa barazani ndipo niliposikia kwamba tunahama. Wanaume walizungumza alasiri nyingi, wengine wakikataa, wengine wakinyamaza, mpaka Jumbe akakata shauri: tukishavuna tutavuka, wengi waende Mbuchi, wengine kwa ndugu zao. Mtu mmoja alilia, nikamsikia akipenga kamasi. Jumbe akasema pia kwamba amesikia yuko mpiga picha Nyamisati, atamwita aje apige msikiti na wazee wa mji, ili watoto wetu wajue walikotoka, na Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali wa Utete, asije akatuona kama watu waliochomoza porini. Wote wakasema ni rai njema. Shangazi alikuwa mlangoni na buli la kahawa. Akauliza, kwa sauti yake ile ya taratibu, "Na wanawake?"

Palipita kicheko kidogo. Jumbe hakuwa mtu mbaya, na alimheshimu Shangazi. Akamjibu kwamba uso wa mwanamke si kitu cha kuzungushwa ndani ya mfuko wa mpita njia, lakini wakitaka sana wajifunike gubigubi wasimame nyuma. Shangazi akamimina kahawa kwanza, nikaisikia ikiingia kikombeni. Kisha akasema, "Jumbe, hiyo haitakuwa picha ya watu. Hiyo ni picha ya magunia ya mpunga." Wakacheka mpaka baraza zima likatingishika, na Jumbe mwenyewe akacheka, lakini jibu halikubadilika.

Msidhani wanawake walikuwa upande wa Shangazi. Kesho yake walikusanyika uani kutwanga, nami jicho langu liko ufani, na nilisikia walivyomshukia. Bi Tatu, mama yake Siwema, ndiye aliyekuwa mkali zaidi. Picha ya mtu ikikaa kwa mgeni, alisema, ni sawa na nguo yako ya ndani kukaa kwa mgeni. Atakayeishika atafanya nayo alitakalo, ataitazama atakavyo, atamwonyesha amtakaye. Na mwenye husuda akiipata je? Wengine wakaitikia ndivyo, ndivyo. Shangazi hakubishana. Aliuweka mchi kando, akakaa kwenye mbuzi ya nazi akiwa amenipa ubavu, nikamwona midomo ikitikisika kabla hajasema.

"Mama yangu naikumbuka sauti yake," akasema. "Mikono yake naikumbuka, na harufu ya mafuta yake. Uso umenitoka. Nautafuta siupati. Zamani sikujali, nilikuwa nikienda kaburini, najua yuko pale, inanitosha. Masika haya kaburi limekwenda na maji. Sasa niambieni nyie, mama yangu yuko wapi?"

Kuku wakapita. Kila mwanamke pale alikuwa na mtu wake kwenye makaburi yale, na nadhani kila mmoja alikuwa anajaribu kuuita uso wa mtu wake, akiona kama unakuja au hauji. Mie mwenyewe mle ndani nilijaribu kumkumbuka bibi yangu, mama huyo huyo, nikapata ushungi wake tu. Hatimaye Bi Tatu akachukua mchi wake, akatwanga mara moja mbili, akasema kwa hasira kwamba shida si picha, shida ni mwanamume. Kama picha ingepigwa bila mwanamume, kuona asione na kuchukua asichukue, yeye angekuwa wa kwanza kusimama. Alisema hivyo akiamini amelifunga jambo. Hakujua kwamba ndiyo kwanza amelifungua.

Fundi Athumani, yule mpiga picha, alifika kwa mtumbwi kutoka Nyamisati, mwenyewe mtu wa Kilwa, mwembamba, mwenye kikohozi, na kipara kinachong'aa ambacho Siwema alinieleza habari zake kwa kirefu. Alikuja na sanduku la mbao lenye jicho, miguu mitatu na makopo ya dawa. Kuwapiga wazee mbele ya msikiti kulichukua asubuhi nzima, maana kila mmoja alitaka kukaa karibu na Jumbe. Alasiri akaja barazani kwetu kunywa kahawa. Shangazi alimpa salamu kutoka nyuma ya mlango, akamuuliza habari za Kilwa, akamuuliza habari za kikohozi, kisha akamuuliza kama lile sanduku lake linamjua anayelipigisha picha ni mwanamume au mwanamke. Nadhani Fundi alikuwa anatafuta mtego uko wapi. Akasema, "Halijui, bibi yangu." Shangazi akamwambia, "Basi nifundishe."

Nimeishi sana na nimewaona wanaume wengi, na hadi leo namtia mtu yule katika wale ninaowaombea dua. Angeweza kucheka. Angeweza kusema kazi hii niliisomea kwa Mhindi miaka mingi, wewe bibi wa kutwanga utaijulia wapi. Badala yake aliuliza sababu, akaelezwa, akakohoa kidogo, akasema yeye pia mama yake alikufa bila picha. Tangu hapo kila alasiri alikuwa akikaa nje ya mlango na Shangazi akikaa ndani, na sanduku liko katikati kwenye kizingiti. Alimfundisha kutazama kwa kitambaa cheusi kichwani, na Shangazi alikuwa akiutazama mtungi wa maji na kusema mtungi umepinduka, uko kichwa chini, na Fundi akimwambia ndivyo ulivyo, usiogope. Alimfundisha kwamba jicho lina kofia yake. Kwamba kioo kinachonasa picha kimo ndani ya kijaluba, kikasha chembamba chenye ulimi wa mbao. Kwamba usiuvute ulimi kabla jicho hujalivisha kofia, kwa sababu kioo kikiona mwanga kabla ya wakati wake kimeungua. Fundi alikuwa amebakiwa na vioo viwili tu. Shangazi alikuwa akiyakariri hayo jikoni kama mtoto wa chuoni, kofia kwanza, ulimi baadaye, hata nami mle ndani nikayahifadhi. Kwa Jumbe alikwenda mwenyewe, akamwambia siku ya kunitoa mwali atakuwa na shughuli zake uani. Jumbe alimsikiliza, akasema ya uani kwa mwali yeye hayajui wala hataki kuyajua. Kwa watu wetu hiyo ni ruhusa, tena ya heshima.

Siku yenyewe ilikuja mpunga ukiwa umekwisha kuingia ghalani na baadhi ya nyumba zimekwisha kung'olewa milango. Ua ulizungushiwa makuti mapya. Siku ya mwali wanaume hawaingii uani hata kwa dawa, na ngoma wanapiga wanawake wenyewe. Hapo ndipo Shangazi alipopatia nafasi yake. Kabla watu hawajafika, Fundi aliingia, akaliweka sanduku kwenye miguu yake, akalaza kamba chini, akamwambia Shangazi kwamba atakayesimama kwenye kamba ataonekana vizuri. Kisha akatoka, akakaa nje kwa kuupa ua mgongo, tayari kuulizwa. Mie nilitolewa juu ya mgongo wa somo wangu, nimefunikwa kanga. Jua lilinipiga hata kupitia nguo, baada ya muda wote ule wa giza, na miguu yangu ilikuwa myepesi kama si yangu. Nikakalishwa mkekani katikati ya kamba, macho chini kama nilivyofundwa, na wanawake wakapanga mstari nyuma yangu. Bi Tatu, aliyesema angekuwa wa kwanza kusimama, alikuwa wa kwanza kusimama.

Shangazi alikuwa ndani ya kitambaa cheusi akitutazama, jicho la sanduku likiwa wazi, kofia yake iko mkononi mwake. Hapo somo akanifunua uso. Ngoma ikalia, vigelegele vikapanda, na kwa mila yetu mwali akifunuliwa, wa kwanza kumtuza ni shangazi yake. Akichelewa, watu watasema ana kinyongo. Mwenyewe nadhani hakufikiri. Mwili wake ulifikiri. Alitoka mbio kwenye kitambaa, akanitupia kanga mpya mabegani, akapiga kigelegele, akacheza hatua zake, huyo akarudi kwenye sanduku ametawaliwa na furaha, akatia kijaluba, akavuta ulimi. Halafu akapiga yowe, akasimama. Kutoka nje sauti ya Fundi ikauliza kwa utulivu, "Binti Shamte, kofia iko wapi?"

Alikuwa nayo mkononi. Fundi akaelewa bila kuambiwa. Alisema tu kwamba hicho basi kimeungua, akiweke kando. Ngoma ikanyamaza. Nikasikia mtu akinong'ona kwamba ni ishara mbaya, na Bi Tatu akasema jamani tuache, Mungu hakupenda. Mie macho yangu yalikuwa chini lakini niliiona miguu ya Shangazi, imesimama pale pale. Niliogopa. Nilijua kwamba kioo kimebaki kimoja, na kwamba mwezi ukiandama mahali pale nilipokaa hapatakuwa na mtu, na baada ya hapo hapatakuwa na mahali. Ndipo Fundi alipokohoa nyuma ya makuti, akasema, "Bibie, mie nimeunguza vioo vingi kuliko nywele zilizoko kichwani kwangu. Anza upya."

Kila mwanamke pale alikuwa amekwisha kukiona kile kipara. Aliyeanza kucheka ni Siwema, akijiziba mdomo kwa kiganja, kisha mstari mzima ukaingia katika kicheko, hata Bi Tatu. Shangazi naye akacheka, nikamsikia. Akasema kwa sauti, kofia kwanza, na wanawake wakaitikia, ulimi baadaye. Akalivisha jicho kofia, akatia kijaluba cha pili, akavuta ulimi. Kisha akaniita. "Inua macho, mwanangu. Leo kisiwa kinakutazama." Mwali hainui macho siku ile, ni aibu, nilikuwa nimefundwa hivyo kwa miezi. Lakini aliyeniamuru ni mkubwa wangu, basi nikayainua. Nikamwona. Akaivua kofia, akangoja, akairudisha.

Kazi ya kukiosha kioo ndiyo iliyokuwa imenitia shaka, kwa kuwa ilikuwa lazima mtu akione. Fundi hakusubiri kuombwa. Alisema hii ni amana, hataitazama. Siku ya pili mchana ghala la mpunga lilizibwa mianya yote kwa mikeka na udongo, taa ikafungwa kitambaa chekundu, dawa zikamiminwa katika sahani, na mle ndani tukaingia wawili, mie na Shangazi, mie nikiwa mshika taa. Tatizo likawa muda, maana saa hatukuwa nayo. Fundi akasema kukaa kwenye dawa ya kwanza ni kama muda wa kukuna kizio kimoja cha nazi. Halafu, ili tusikosee, akaivuta mbuzi akaiweka mbele ya mlango wa ghala, akaikalia, akakuna nazi mwenyewe. Mwanamume mzima, mgeni wa watu, amekalia mbuzi uwanjani mchana kweupe huku wanawake wanapita. Kisiwa kizima kilikuja kumtazama. Sisi mle gizani tulisikia tu, kwaru, kwaru, kwaru, na mkwaruzo ulipokoma Shangazi akakitoa kioo.

Alipokileta karibu na taa nusura akiangushe. Nyuso zilikuwa nyeusi mahali pa weupe na nyeupe mahali pa weusi, na meno yetu yote meusi. Akamwambia Fundi kupitia mlango kwamba tumekuwa mizimu. Fundi akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akaeleza kwamba kwenye karatasi kila kitu kitageuka kirudi mahali pake. Na kweli, tulipokiweka kioo juu ya karatasi yake na kukitia juani kama alivyotuelekeza, niliona wanawake wa Kitopeni wakija polepole, mmoja baada ya mwingine. Siwema na kiganja chake. Somo wangu. Bi Tatu aliyetikisika kwa kicheko mpaka kichwa chake pichani kimekuwa kama moshi. Na mie katikati, mwembamba, macho mbele. Karatasi ilikuwa moja tu. Wali tuliokula jioni ile ulipikwa kwa nazi aliyoikuna Fundi, na Shangazi alimpelekea sinia la kwanza, lile lenye kaa mwenye magando yake yote.

Wanawake walipoiona walilia na kucheka kwa pamoja, na ndipo kiapo kilipowekwa. Bi Tatu aliigeuza geuza karatasi, kisha akamwambia Shangazi, "Na wewe je? Wewe humo." Ilikuwa kweli, na wengine ndiyo kwanza wanatambua. Kioo kipya cha kumpigia yeye hakikubaki. Shangazi akasema yeye haidhuru, yeye ndiye aliyewaona wote. Asubuhi ya kuhama, mitumbwi ikiwa imejaa vinu na milango na kuku, alimwomba mpiga kasia apite upande wa mashariki. Palipokuwa makaburi palikuwa na maji mekundu tu. Akakifungua kile kioo chenye nyuso zetu kutoka kwenye pindo la nguo, akakitia majini taratibu, kwa mikono miwili. Nilijua anatupeleka sote kwa mama yake.

Alikufa Mbuchi, kabla ya uhuru, bila kupigwa picha hata moja. Kitopeni sasa hakipo. Ukipita na boti wala hutajua. Nami usiku ule wa juzi niliokaa nikilitazama sanduku niligundua kitu kilichonitisha kuliko kifo changu: kwamba katika walimwengu wote, uso wa Binti Shamte umebaki kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni kikongwe. Nikiizika picha, nawazika wale wote mara ya pili. Nikinyamaza, namzika yeye.

Basi jana nimerudi matangani na furushi langu la kaniki. Nimeingia kwa wanawake, nikakaa karibu na Rehema, nikamwambia mimi ndiye mwenye amri, na bibi yako alisema nitaizika. Nikaifungua. Binti wa Siwema, mfiwa mwenyewe, akapiga ukelele mdogo, "Mama huyu," akaweka kidole karibu na kile kiganja bila kukigusa. Wakajazana. Mmoja akapata pua yake kwa bibi yake, mwingine akapata paji la uso la dada yake. Nikawataja mstari mzima bila kukwama, Rehema akiandika machozi yanamtoka. Nikamwambia aipige kwa simu yake, aitie pamoja na ile ya msikiti, na atakayetaka kuona na aone. Kisha nikamsimulia yote niliyoyaandika hapa, ya ufa, ya kofia, ya nazi. Akaitazama tena picha, akatafuta kushoto na kulia.

"Sasa Shangazi yako yuko wapi, Bibi?"

"Hapo ulipo wewe," nikamwambia. "Watazame macho yao. Wote wanamtazama yeye."

Akaiinua picha karibu na uso wake. Nami nikafumba macho nikamweleza, maana siku ile niliinua yangu: kitambaa cheusi kimemteleza mpaka mabegani, ushungi umekwenda upande, jasho puani, ulimi kaubana kwa meno kama anayetunga uzi kwenye sindano, na mashavu yote mawili yamelowa kwa kucheka. Mwanya mbele. Kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Nikasema polepole, ili aandike.